Mada: Keki za pakiti za Halloween, bila kuwasha oveni

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Ndugu zangu, habari za leo. Tarehe 31 Oktoba hiyo inakuja. Darasa la pili wanataka kila mzazi alete kitu cha Halloween, watoto ni 24. Halafu Jumamosi kuna sherehe ya watoto wa jumuiya yetu ukumbini. Kuoka sitaki. Nimeona watu wanachukua keki za dukani, Twinkies (keki ndogo ndefu zenye krimu ndani) na Swiss Rolls (keki za kuviringishwa zilizovaa chokoleti), wanazigeuza buibui na mumia, yaani maiti wa kale waliozungushiwa bandeji. Wanaojua naomba hatua na vipimo. Kuna watoto wa Kiislamu pia, kwa hiyo na hilo nalo tulizungumzie.

Kutoka: Rukia, Minneapolis

Mama Neema, salama kabisa. Kwanza tenganisha shule na ukumbi, maana haviendi pamoja.

Shule nyingi za Marekani zinapokea chakula kilichofungwa kiwandani tu. Ukishafungua karatasi ukapaka chokoleti, kazi yako itawekwa pembeni hata ingekuwa nzuri namna gani. Kwa hiyo huko pamba karatasi, keki usiiguse. Twinkies zinakuja 10 kwenye boksi, kila moja imefungwa peke yake. Boksi 3 zinatosha watoto 24 na mwalimu. Chukua utepe wa krepu mweupe wa kupambia sherehe, ukate vipande vya upana wa sentimita 2, uzungushe ovyoovyo kama bandeji, ncha uibane kwa selotepu. Macho yawe ya karatasi. Yale ya plastiki yanayochezacheza yanabanduka na mtoto anayatia mdomoni. Miisho miwili ya karatasi ya keki iache wazi, la sivyo mwalimu atashinda anafungulia watoto 24.

Kingine: orodha ya viambato mara nyingi iko kwenye boksi la nje. Kata upande huo wa boksi umpe mwalimu pamoja na keki. Sheria ya Marekani inataka vyakula 9 vya mzio vitajwe: maziwa, mayai, samaki, kaa na kamba na jamii yao, njugu za mitini kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kuanzia 1 Januari 2023. Ila lile onyo kwamba chakula "huenda kimegusana" na karanga kiwandani ni hiari ya kampuni. Usipoliona, usichukulie kwamba hakijagusana. Kama darasani kuna mtoto mwenye mzio mkali, muulize mwalimu kabla hujanunua chochote.

Sasa ukumbini, huko ndiko kwenye raha. Ushauri wangu: nunua keki ambayo tayari imevaa chokoleti, yaani Swiss Rolls, Ho Hos (nazo ni za kuviringishwa) au Ding Dongs (za duara). Twinkie haina ganda, na ukiichovya inapukutika chenga ndani ya bakuli, keki ya nne inatoka na vipele.

Mumia wa Swiss Rolls: boksi moja lina keki 12, zimefungwa mbilimbili. Unahitaji gramu 170 za chokoleti nyeupe ya kuyeyusha (Candy Melts za Wilton ni paketi ya gramu 340, kwa hiyo nusu) na macho 24 ya sukari. Panga keki juu ya karatasi ya kuokea, ziachane kidogo. Weka chokoleti kwenye bakuli kavu, mikrowevu kwa nguvu nusu, dakika 1. Koroga. Rudisha sekunde 30, koroga tena. Ukiona bado kuna vidonge vichache, acha. Joto la bakuli litamaliza. Mimina kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kata kona ndogo sana, milimita 2 hivi, kisha pitisha mkono harakaharaka kutoka upande hadi upande, uvuke kingo za keki. Ukienda polepole unapata minyoo, hupati bandeji. Macho yabandike mistari ikiwa bado mibichi. Ikishakauka, doa la chokoleti chini ya kila jicho litafanya kazi.

Buibui wa Ding Dongs: keki 10, miguu 80. Tumia pipi nyembamba nyeusi za uzi, zikatwe sentimita 5. Usichomeke mguu moja kwa moja, ganda litapasuka na kumenyeka. Toboa kwanza kwa kijiti cha meno, zungusha kidogo, ndipo uchomeke. Wengine wanatumia pretzeli, vile vijiti vikavu vya unga vyenye chumvi. Zinapendeza, ila zinafyonza unyevu wa keki na baada ya saa chache zimelegea, kwa hiyo hizo zichomekwe ukumbini dakika za mwisho. Pipi za uzi nyingi zina unga wa ngano, mwenye mtoto asiyekula ngano ajue.

Kutoka: Baba Imani, Louisville

Asante dada Rukia. Kwenye chokoleti naongeza, maana hapo ndipo wengi wanapotupa pesa.

Adui wa kwanza ni maji. Tone moja tu, kijiko kilichooshwa hakikukaushwa, na chokoleti nzima inakakamaa kama udongo wa mfinyanzi. Ukiona nzito usiongeze maziwa wala siagi, siagi nayo ina maji. Weka mafuta ya nazi au mafuta mgando ya mboga, kijiko cha chai 1 kwa gramu 170, ukoroge. Rangi ni vivyo hivyo. Rangi za kawaida za chakula zina maji. Ukitaka rangi ya chungwa au zambarau nunua chokoleti yenye rangi tayari, au rangi ya mafuta iliyotengenezewa pipi.

Adui wa pili ni moto. Ukiweka mikrowevu nguvu zote dakika 2, katikati inaungua wakati juu bado inaonekana nzima. Ikishaungua inakuwa chengachenga na harufu ya moshi, hakuna dawa, tupa.

Anayetaka kuvisha Twinkie nzima kwa sababu ya umbo lake, inawezekana. Paketi moja ya gramu 340 inatosha 10. Kung'uta chenga kwa brashi kavu, laza keki kwenye freza dakika 15, zisizidi 20, kisha ziache mezani dakika 5. Keki iliyoganda kabisa ni hasara. Ganda linakaza papo hapo juu ya keki baridi, halafu keki ikipata joto inatanuka na ganda linapasuka nyufa, krimu inachuruzika. Beba keki kwa uma, usiichome. Mimina chokoleti kwa kijiko, gongagonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili ya ziada idondoke.

Kuhusu dini: msihukumu kwa jina, someni orodha. Twinkies zina mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo kwa anayeangalia uchinjaji ni tatizo, na kwa mtoto wa Kihindu vilevile. Mashmelo, pipi zenye umbo la mnyoo na zile za umbo la punje ya mahindi zina gelatini, na kwenye maduka ya kawaida ya Marekani mara nyingi ni ya nguruwe. Maduka ya Waarabu na Wasomali yana mashmelo ya gelatini ya ng'ombe wa halali. Macho ya sukari mengine yamepakwa nta inayotokana na wadudu ili yang'ae; kuna wanaoiruhusu na wasioiruhusu, kila mtu na shehe wake.

Kutoka: Mama Zawadi, Dallas

Shikamooni wakubwa. Naomba nipingane kidogo na kaka Baba Imani: Twinkies zisivishwe, zisagwe. Ukizivisha unapoteza nusu ya chokoleti kwenye bakuli.

Macho ya zimwi: boksi 1 la Twinkies (keki 10, gramu 385) pamoja na krimu yake ndani, lisage kwa vidole kwenye bakuli pana hadi mabonge yaishe. Ile krimu ndiyo gundi. Ongeza jibini laini vijiko 2 vya chakula, kanda. Ukibana kiganjani likashika bila kung'aa, limetosha. Ukiona mafuta yanang'aa umezidisha, ongeza keki nyingine moja. Viringisha vidonge vya gramu 25, utapata kama 16. Friji dakika 30. Chovya kwenye chokoleti nyeupe, bandika M&M moja ya buluu au ya kijani juu, na chokoleti ikishakauka chora mishipa kwa jeli nyekundu ya kupambia keki.

Watu wa haraka watumie donati ndogo za unga wa sukari, Donettes. Doa la chokoleti kwenye tundu, M&M juu, jeli nyekundu pembeni. Msisukume M&M kwa nguvu, donati inapasuka. Jeli inayeyusha ule unga wa sukari na kutambaa yenyewe, mishipa inatokea kama ya kweli. Ila baada ya saa 2 imekuwa tope, ifanyeni mwisho.

Vidonge vyenye jibini visikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Na watoto chini ya miaka 4 wasipewe M&M nzima wala mashmelo nzima, vinaziba koo.

Kutoka: Farida, Leicester

Na sisi wa Uingereza? Twinkies hapa ni bidhaa ya kutafuta, na bei yake ni ya kuuliza mara mbili.

Kutoka: Rukia, Minneapolis

Farida mpenzi, wewe uko vizuri kuliko sisi. Chukua Mini Rolls za Cadbury, ni zilezile za kuviringishwa na zimevaa chokoleti. Ganda lake ni jembamba na linavunjika upesi, kwa hiyo kwa buibui pasha ncha ya kijiti cha chuma kwa maji moto, kikaushe, ndipo utoboe. Kwa keki za mraba, French Fancies za Mr Kipling: mgongo wake wa mviringo umeshakuwa kichwa cha zimwi, bandika macho tu.

Na kama mnataka kitu cha kulisha wengi kwa mpigo, tengenezeni makaburi. Bakuli la mraba la sentimita 23. Kata Swiss Rolls 12 vipande vya sentimita 2, zipange chini zimelala. Pudini ya chokoleti ya papo kwa papo, paketi ya gramu 110: paketi inasema vikombe 2 vya maziwa baridi, wewe weka kimoja na nusu ili ishike. Piga dakika 2, iache dakika 5, changanya na Cool Whip (krimu nyepesi ya dukani inayouzwa imegandishwa) nusu ya chombo cha gramu 225 iliyoyeyuka ndani ya friji, mimina juu. Maziwa ya soya au lozi hayafai hapa, pudini haigandi. Uingereza tumieni Angel Delight, unga wa pudini wa huko, mfuko wa gramu 59 kwa mililita 300 za maziwa. Juu nyunyiza Oreo 15 zilizopondwa, huo ndio udongo. Friji saa 3. Mawe ya kaburi ni biskuti ndefu zenye ncha za mviringo, Milano au zozote. Maandishi yaandikwe kwa chokoleti iliyoyeyushwa, jeli inapakaza. Biskuti zichomekwe mkishafika. Zikilala humo usiku zinanywa maji na kuanguka kifudifudi.

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Mmenitendea wema. Swali la mwisho: mumia na buibui nikiwatengeneza Ijumaa usiku, nawaweka friji?

Kutoka: Baba Imani, Louisville

Hapana, mama. Wasio na jibini wala pudini wakae kabatini kwenye boksi la kufunika, safu moja tu. Wakitoka friji wanatoa jasho, wino wa macho unachuruzika. Safarini boksi liwe miguuni mwa abiria, upepo wa moto wa gari ukizimwa huko chini. Kwenye buti watateleza, na miguu 80 kuirudisha si kazi ya dakika 5.