Watoto wa paka na sinia la chakula: kuwafungia, kuwalisha kwanza, au kuwafundisha mahali pao?

Mama wa Kawempe
Habari zenu ndugu. Nina watoto wawili wa paka, dume na jike, wana wiki kumi. Sisi tunakula chini mkekani, watu sita sinia moja. Harufu ya mukene, yaani dagaa, ikitoka tu, hawa wanakuja mbio na kutupanda mapajani kwa kucha. Juzi dume aliingiza miguu kwenye mchuzi wa karanga, na mwanangu wa miaka minne alikwaruzwa mkono. Nimeambiwa njia tatu: kuwafungia chumbani mpaka tumalize, kuwalisha kabla yetu, au kuwazoesha kukaa mahali pao. Mume wangu anasema kofi moja linatosha. Mimi sitaki kuwapiga. Nyinyi mliofuga, ipi iliwafaa?

Jirani wa Ggaba
Mimi nawafungia, dada. Sigiri yangu, jiko la makaa, iko mlangoni, na paka akinipita miguuni wakati naepua posho (ugali) ataungua yeye au nitaungua mimi. Ubaya wake ni kwamba wanalia, wanakwangua mlango, na ukiwafungulia wanatoka na njaa yao ileile. Kwa hiyo kufungia kunanilinda, lakini sijaona kukiwafundisha kitu.

Hajati wa Bombo
Mwanangu, lisha kwanza. Tumbo la mtoto wa paka ni dogo. Mpaka afike miezi sita anataka kula mara tatu au nne kwa siku. Ukimpa mara moja, lazima avamie sinia. Mpe robo saa kabla hujapakua. Mukene wa kuanikwa chini huja na mchanga, kwa hiyo osha mara mbili tatu, kisha chemsha bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, huharibu damu yake. Posho iwe kidogo sana, maana paka ni mla nyama. Halafu weka sahani mbili, tena mbalimbali. Wakila sahani moja, mwenye nguvu anameza haraka ili mwenzake asipate, na unyang'anyi unaanzia hapo.

Mama wa Kawempe
Asante Hajati. Asubuhi nilikuwa nawapa maziwa ya ng'ombe, nikidhani yanawatosha.

Hajati wa Bombo
Acha hayo. Paka wengi wakishaachishwa ziwa maziwa huwaharisha. Wape maji safi.

Kijana wa Arua
Salaam Hajati. Kwa heshima yako, kushiba peke yake hakutoshi. Paka wetu alikuwa anashiba na bado anakuja, kwa sababu babu alimdondoshea samaki kila jioni. Kilichotusaidia ni gunia kuukuu pembeni ya chumba. Tunagonga sahani kwa kijiko mara mbili, chakula chake kinawekwa pale pale kila siku. Akitulia juu ya gunia, mpe kipande papo hapo. Ukichelewa hajui umempa kwa lipi. Akija kwenye sinia, mwinue kimya umrudishe. Siku za mwanzo atalia kuliko zamani, na hapo ndipo watu wengi huona huruma wakampa. Ukimpa siku hiyo, umemfundisha kulia zaidi. Kwetu ilichukua kama wiki tatu.
Kuhusu kofi, mama, usikubali. Paka haliunganishi na sinia, analiunganisha na mkono uliompiga. Atamkimbia mumeo, na mumeo akitoka atarudi kwenye mchuzi.

Jirani wa Ggaba
Wiki tatu, na mtoto wa miaka minne mkekani? Atampa tu.

Kijana wa Arua
Basi yeye ndiye agonge sahani. Mtoto akipewa kazi hiyo huilinda kuliko watu wazima.

Mama wa Kawempe
Nimerudi, sasa ni siku kumi na sita. Nimechanganya ushauri wenu. Wanakula kwanza, kila mmoja sahani yake, kisha gunia. Jike ameelewa; kijiko kikigonga anakwenda mwenyewe. Dume siku ya maharage hana shida, ila siku ya samaki bado anakuja, basi siku hizo namfungia akiwa ameshakula, na halii sana. Mwanangu ndiye mgongaji, na jana alimkataza baba yake kumdondoshea mfupa. Limebaki moja: dume akiwa anakula nikamkaribia, ananguruma. Nimwondolee sahani ajue mimi ndiye mwenye chakula?

Hajati wa Bombo
La, mwanangu, usimwondolee. Ananguruma kwa hofu ya kunyang'anywa, na wewe utakuwa umemthibitishia. Pita karibu, mwongezee kipande kizuri, uende zako. Fanya hivyo kila siku. Na sahani yake isogeze nyuma ya mlango, asimwone dada yake anapokula.