Uvimbe chini ya jicho la mbwa umerudi mara ya tatu: tatizo ni jicho au ni jino?

Mkazi wa Uyole
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina mbwa jike wa kienyeji mwenye umri wa miaka sita. Mwezi wa nne alivimba chini ya jicho la kulia, uvimbe wa kiasi cha nusu limau, kisha ukapasuka wenyewe na kutoa usaha uliochanganyika na damu. Muuza dawa za mifugo alimchoma sindano ya oksitetrasaiklini, kidonda kikafunga baada ya wiki moja, nami nikadhani yameisha. Uvimbe ulirudi mwezi wa saba, na sasa umerudi tena palepale. Jicho lenyewe ni safi. Anakula, ila ugali uliokauka huutafuna upande mmoja huku amepinda kichwa, na mdomo wake unanuka kiasi kwamba watoto hawamtaki karibu. Jirani ananishauri niupasue uvimbe kwa wembe uliopitishwa kwenye moto. Naombeni ushauri kabla sijamtesa mnyama wa watu bure.

Mfugaji, Mafinga
Pole sana, ndugu. Huo wembe mrudishie jirani. Wangu alisumbuka hivyohivyo karibu mwaka mzima, na kila uvimbe ulipopasuka tulishukuru, kumbe ulikuwa ukipumua tu. Jino lilipong'olewa nilionyeshwa mzizi wake: ncha ilikuwa nyeusi, imeliwa, na inanuka kuliko kidonda chenyewe. Je, unampa mifupa? Mimi kila Jumamosi nilikuwa nikimletea kongoro la ng'ombe kutoka buchani, nikijiona mfugaji mwema.

Daktari wa mifugo, Iringa
Kamwene. Siwezi kuthibitisha ugonjwa wa mnyama ambaye sijamwona, lakini uvimbe unaorudi mahali palepale chini ya jicho la mbwa, jicho likiwa salama, mara nyingi hutokana na lile gego kubwa la juu analopasulia mifupa. Gego hilo lina mizizi mitatu, na ncha zake zinafika karibu kabisa na chini ya jicho. Mbwa anapouma mfupa mgumu, ubavu wa jino hubanduka kama kigae, kiini chenye mishipa hubaki wazi, bakteria huingia, na kiini hufa. Usaha unaotengenezwa kwenye ncha ya mzizi hutoboa mfupa mwembamba wa taya na kutokea kwenye ngozi ya shavu.

Sindano ilileta nafuu kwa sababu iliwapunguza bakteria waliokuwa kwenye nyama. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki, na dawa inayosafirishwa na damu haifiki vilevile, ndiyo maana dozi ikiisha usaha hurudi. Jino la namna hii hung'olewa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Hukatwa kwanza vipande vitatu ili kila mzizi utoke peke yake, kwa kuwa kipande kinachobaki ndani huweza kuendeleza ugonjwa. Kama mtaalamu wa hapo Mbeya hana vifaa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupokea mbwa.

Tahadhari moja kabla ya kumfunua mdomo: ikiwa anadondosha mate mfululizo, taya limelegea, sauti imebadilika au amekuwa mkali ghafla, usiingize mkono. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Mfungie, kisha umwite afisa mifugo.

Mama wa paka, Tukuyu
Naongeza moja kwa uchungu. Paka wangu aling'atwa na paka mwenzake karibu na shina la mkia, siku ya tatu akavimba jipu, nami kwa huruma nikampa robo ya kidonge cha parasetamoli. Jioni fizi zake zilikuwa za kahawia, anahema kwa shida, na hakufika asubuhi. Baadaye nilielezwa kwamba ini la paka haliwezi kuisafisha dawa ile, hivyo damu hushindwa kubeba hewa. Jipu lenyewe lisingemuua usiku ule.

Daktari wa mifugo, Iringa
Ulivyoelezwa ni sahihi, mama, na pole. Kwa paka hakuna kipimo cha parasetamoli kilicho salama. Mbwa naye asipewe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, kwani huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Mkazi wa Uyole
Ndaga fijo nyote. Dalili za kichaa hana, na chanjo ya mwaka huu alipata, kwa hiyo leo mchana nimeinua mdomo wa juu nikimulika kwa tochi ya simu. Gego la kulia limepasuka ubavuni, katikati lina kitobo cheusi, na fizi iliyo juu yake ni nyekundu kama nyanya. Daktari wa hapa atamng'oa Alhamisi na amesema asile kuanzia usiku wa Jumatano. Je, pengo hilo halitamzuia kula?

Daktari wa mifugo, Iringa
Halitamzuia, mbwa mzima ana meno 42. Mpe ugali laini wenye mchuzi wa dagaa usio na chumvi wala kitunguu kwa muda wa wiki mbili, na mifupa usimrudishie tena.