Wageni wasiofunga wanakuja kwangu kumi la mwisho la Ramadhani, niwakirimu vipi?

BintiTudor

Asalam aleikum, na wengine wote hamjambo. Naomba ushauri kwa wazoefu.

Rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni anakuja Mombasa kwa mara ya kwanza, pamoja na mamake na mtoto wake wa miaka minne. Ni watu wa Nyahururu, Wakristo. Likizo aliyopewa kazini imeangukia kumi la mwisho, na sikutaka hata kidogo afikirie kuahirisha. Huyo mama alinilea kama bintiye miaka yote ya chuo, kila muhula alikuwa akitufungia viazi na mahindi tugawane.

Mimi naishi Tudor, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Mume wangu yuko bandarini na wiki hiyo ana zamu ya usiku. Maji ya mfereji hutoka siku maalumu tu, zikipita tunanunua madumu ya mkokoteni. Mchana jikoni kwangu moto hauwashwi mpaka alasiri. Mama ana sukari na anajidunga insulini.

Sitaki wale kwa kujificha chumbani, wala wajione wanatuharibia swaumu. Tena sitaki kuwapokea kwa masharti kabla hawajavua viatu. Nyinyi mnafanyaje?

MzeeWaMakupa

Kama wanapanda gari moshi la alasiri kutoka Nairobi, watashuka Miritini usiku wakati watu wako tarawehe na mumeo yuko kazini. Kubaliana na dereva wa teksi unayemjua mapema, umpe namba ya simu ya rafiki yako, na yeye umpe ya dereva. Mtu mzima na mtoto aliyesinzia si wa kugombania matatu na mizigo. Hata kama chakula kingine hakijawa tayari, hakikisha cha mama kipo akifika, maana safari ni ndefu.

Bi_Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Maneno ya desturi hayasemwi mlangoni. Yaseme kwa simu wiki moja kabla, tena kwa kumpa mtu habari: sisi tutakuwa tumefunga, nyinyi mtakula kama kawaida, chakula kitakuwa mezani. Mwambie mchana huku Mji wa Kale mikahawa mingi hufungwa, kwa hivyo wakitoka wabebe maji na kitu cha mtoto. Mwambie na usiku nyumba hailali, kuna daku na vipaza sauti vya msikiti. Akiyajua hayo tangu kwao, hatashtuka saa kumi usiku akisikia sufuria zikigongana.

Sasa la kula. Wengi huweka chakula ndani ya friji na kusema "jisikieni nyumbani", wakadhani wamekirimu. Mgeni mwenye adabu zake hafungui friji ya mtu, na mama mtu mzima ndiyo kabisa. Atanyamaza na njaa yake. Na huyu anajidunga insulini, akichelewa kula sukari yaweza kumshuka, atetemeke na kutoka jasho, na hilo ni jambo la hatari.

Mimi nikishaswali alfajiri silali kwanza. Natandika meza ndogo karibu na dirisha. Chupa ya chai, maziwa kando, sukari kando. Mahamri chini ya kawa, mbaazi kwenye hotipoti, mayai ya kuchemsha, ndizi. Jagi la maji na bilauri zimefunikwa. Sahani na vijiko viko papo hapo ili mtu asitafute kabati. Kisha namwambia mkubwa wao mara moja tu: meza hii ni yenu mpaka jioni. Nikisharudia mara tatu nimeanza kumhesabia.

Halafu kaa nao. Chambua mchele wako, vuta uradi wako, zungumzeni. Swaumu haivunjiki kwa kuona mtu anakula, sisi tumelisha watoto maisha yetu yote tukiwa tumefunga. Lakini ukiinuka kila wanapogusa kikombe, watakielewa kile kuinuka.

Magharibi wasibaki pembeni. Waite mkekani, wangoje adhana na nyinyi. Na hapa uwe mwangalifu, kwa sababu futari yetu ni sukari na wanga: tende, kaimati, tambi, viazi vya nazi, muhogo. Kwanza muulize rafiki yako kwa siri mamake anakula nini na saa ngapi, usikisie. Kisha usimpikie mama kijisufuria chake ukasema "hiki cha mgonjwa". Pika uji wa pilipili manga wa wote bila sukari, kila mtu atie yake. Kaimati zitoke kavu, shira iwe kwenye bakuli kando. Weka samaki, mboga na kachumbari ya kutosha, ili ajichagulie bila mtu kumtazama sahani.

Insulini mpe nafasi ndani ya friji, mbali na barafu, kwani ikiganda haifai tena. Iwe ndani ya kikopo chenye kifuniko. Mpe na chupa tupu ngumu ya plastiki ya kutilia sindano zilizotumika, umtangulie kabla hajaona haya kuuliza.

Maji: jaza madumu kabla hawajafika. Kama bafuni mnatumia maji ya kisima, mwambie yana chumvi na sabuni itakataa povu, umwekee ndoo ya maji matamu ya kusuuza. Na chumba chenye upepo kiwe chao, pamoja na feni na neti. Machi ya Mombasa kwa mtu wa Nyahururu ni adhabu.

KutokaNyeri_Likoni

Mimi nilikuwa huyo mgeni, kabla sijaolewa huku. Niliyoyafurahia sana ni mawili. Mwenyeji wangu alinipa leso mbili siku ya kwanza, nikajifunga ndani ya nyumba kama wenzangu na joto likapungua. Na alasiri alinipa kazi. Dada, mwanamke wa kwetu hawezi kukaa tu akitazama wenzake wakipika. Mkalishe mama kwenye mbuzi akune nazi, mfundishe rafiki yako kukunja sambusa. Pale jikoni ndipo nilipoacha kuwa mgeni.

BintiTudor

Shukran sana jamani, nimeandika yote. Limebaki moja: mume wangu atakuwa amelala mchana, na mtoto wa miaka minne hatanyamaza.

Bi_Kibokoni

Mtoe huyo mtoto asubuhi, jua halijakaza. Nendeni Fort Jesus. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mama atapenda kuiona na mtoto atapata pa kukimbia, ila mizinga asiipande. Siku nyingine wavusheni feri ya Likoni, anayekwenda kwa miguu halipi, na mtoto atazame meli zikiingia bandarini. Bebeni mahamri na maji, na mama abebe kitu cha kula cha akiba mfukoni. Adhuhuri mwe mmerudi, wao wale na kulala, nawe ulale nao hata saa moja. Kule ufukweni panapoitwa Mama Ngina muende usiku baada ya futari, kuna upepo na mihogo ya kukaanga. Na mumeo mweleze leo ratiba hii, asije akaikuta nyumba imejaa hajajipanga.