Tupeane uzoefu: RAM imeongezwa, laptopu ndiyo kwanza imekuwa nzito

Bisibisi
Wakuu, tukusanye hapa kesi za aina moja tu: laptopu imeongezwa RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi), imewaka, GB zote zinasomeka, lakini inajikokota kuliko ilivyokuwa. RAM kuwa nyingi hakupunguzi kasi. Kuna kingine kilichobadilika siku kifuniko kilipofunguliwa. Kabla ya kukimbilia kupiga Windows upya, jambo ambalo kwa kesi hizi ni kupoteza siku, rudisha RAM ya zamani peke yake na upime. Kasi ikirudi, shida iko kwenye RAM mpya au mpangilio wake. Isiporudi, achana na RAM kabisa. Tuwekeane dalili, kipimo na dawa. "Hata mimi imenitokea" haitufikishi popote.

Mtaimbo
Naanza na ile isiyohusu RAM, maana ndiyo inayosahaulika. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, ingia Performance, kisha CPU, halafu kodolea macho ile Speed huku ukifungua programu nzito. Ikiganda kati ya 0.4 na 0.8 GHz na haipandi hata kazi ikizidi, prosesa (CPU, ubongo wa mashine) imefungwa breki na bodi yenyewe (ubao mkuu unaounganisha vifaa). Mara nyingi plagi ya betri haijakaa, au bodi haiitambui chaja. Laptopu nyingi zikiona hivyo hujishusha zisije zikavuta umeme kuliko uwezo wa chaja.

Zima, chomoa chaja, fungua, toa plagi ya betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha plagi na uisukume pande zote mbili mpaka ilale sawa. Ikiinuka upande mmoja hata kidogo, bado. Ukiwa humo humo angalia waya wa feni. Feni ikisahaulika dalili ni tofauti: mashine inaanza vizuri, inapata joto, ndipo inalegea.

Waya Mwekundu
Mtu ana RAM mbili za GB 4, anazitoa zote na kuweka moja ya GB 16. Ukubwa umepanda, njia imepungua: alikuwa na chaneli mbili (njia mbili za data kati ya RAM na prosesa), sasa anayo moja. RAM ya DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi, 3200 ni kasi) ikiwa moja hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde, zikiwa mbili ni 51.2. Kwenye kuandika barua hutaona tofauti. Kwenye michezo, kwa laptopu isiyo na kadi yake ya michoro, utaiona papo hapo, kwa sababu michoro nayo inachota kwenye RAM hiyo hiyo. Dawa ni kujaza sloti (tundu la RAM) ya pili. GB 4 na GB 8 kwa pamoja si dhambi: prosesa nyingi za Intel huunganisha GB 4 za kila upande na kuiacha sehemu inayobaki itembee kwa chaneli moja.

Ukichanganya kasi, zote zinafuata ya chini. Pima kwenye PowerShell:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, Speed, ConfiguredClockSpeed

Ya mwisho ndiyo kasi inayotumika kweli. Kwenye CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za vifaa, utakuta nusu yake, yaani 1600 kwa RAM ya 3200. Hilo si kosa, ndivyo DDR inavyohesabiwa.

Bisibisi
Niongeze hapo, mkuu: kushuka kutoka 3200 hadi 2400 hakuwezi kufanya laptopu ichukue dakika tano kuwaka. Uzito wa namna hiyo tafuta kwingine.

Soketi
Kwingine kwenyewe mara nyingine ni diski. Windows 10 hutenga faili la hiberfil.sys (la kuhifadhi kazi mashine ikilala kwa hibernate) lenye takriban 40% ya RAM. GB 8 inakula 3.2, GB 32 inakula 12.8. Faili la pagefile.sys, linalosaidia RAM ikijaa, nalo linaweza kukua. Kwenye SSD ya GB 128 iliyokuwa imebakiza nafasi kiduchu, C inajaa bila wewe kuweka kitu, na SSD iliyojaa ni konokono. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off. Ujue tu kwamba Fast Startup (njia ya Windows ya kuwaka haraka) nayo inaondoka, kwa hiyo kuwaka kutachelewa kidogo. Usiyetaka hilo, powercfg /h /type reduced inalipunguza faili bila kuliua.

Mzee wa Bodi
Kwa mashine za zamani, hasa zinazopandishwa kufika GB 4 au zaidi, kuna ugonjwa wake. BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) haiiweki sehemu ya juu ya RAM kwenye eneo linalopitia kashe ya prosesa (kumbukumbu yake ndogo ya kasi). Mfumo ukitumia sehemu hiyo, kila kitu kinatambaa, hata kipanya. Kipimo: msconfig, Boot, Advanced options, weka tiki Maximum memory na uandike 3072, washa upya. Kwenye Linux ongeza mem=3G kwenye mstari wa kuwashia. Kasi ikirudi, sasisha BIOS. Kisha ondoa ile tiki! Ikibaki, Task Manager itaonyesha "Hardware reserved" kubwa na utaanza kutafuta mchawi asiyekuwepo.

Za enzi ya DDR3, soma volti kwenye lebo. DDR3 ni 1.5, DDR3L ni 1.35, na zote zina pini 204, kwa hiyo zinaingia sloti moja. Laptopu inayotaka 1.35 tu, ukiipa ya 1.5, haiwaki au inaganda ovyo.

Mtaimbo
RAM mbovu kwa kawaida haileti uzito, huleta skrini ya bluu na mafaili kuharibika. Ukiishuku, weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, mizunguko 4, RAM moja moja kwenye sloti ile ile. Kosa moja linatosha kuikataa, ila kwanza itoe na uirudishe: ingiza kwa mlalo wa kama nyuzi 30, sukuma mpaka meno ya dhahabu yabaki uzi mwembamba tu, ndipo ubonyeze chini hadi vibanio vyote viwili vilie.

Soketi
Na wenye DDR5, skrini nyeusi mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM isiwatie kiwewe. Bodi inaipima RAM mpya, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukiikatia umeme katikati, itaanza upya.