Usenet ilitimiza maono ya Licklider na Taylor?

Mkulima wa Newala: Wakuu, mwaka 1968 Licklider na Taylor, watafiti wa kompyuta wa Marekani, waliandika kuwa kompyuta zitakutanisha watu kwa mambo wanayoyapenda, si kwa mahali wanapoishi. Usenet ya 1980, mtandao wa kompyuta wa kujadiliana kwa maandishi, ilifika huko?

Mwalimu, Mikindani: Nusu, mkuu. Wao waliwaza watu wakifikiri pamoja papo hapo. Kompyuta za Usenet zilipigiana simu, mara nyingi usiku gharama ikiwa nafuu, zikapokezana ujumbe. Jibu liliweza kuchukua siku. Mimi naupenda ule ucheleweshaji: mtu alipata nafasi ya kupima neno.

Masasi Korosho: Simu alilipa nani?

Mwalimu, Mikindani: Vyuo na kampuni, ndugu. Asiye na taasisi alibaki nje. Licklider na Taylor walishaonya: mtandao ukiwa wa wachache, pengo litapanuka. Wanafunzi wangu wasio na bando wanalijua.