Klabu za watoto wetu zinaitwa wageni wakija tu, na miche 312 imekwenda wapi?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, na mtanivumilia kama uzi utakuwa mrefu.

Nina binti yuko kidato cha tatu, sekondari moja ya kata mkoani Morogoro. Jina la shule silitaji. Mtoto bado anasoma pale, na mnajua yanayompata mtoto ambaye mzazi wake "ana mdomo".

Mwaka jana shule hiyo ilikuwa na klabu zinazofanya kazi kweli: mdahalo, mazingira, sayansi na wapinga rushwa. Kila Jumatano kipindi cha mwisho kikiisha saa nane na nusu, watoto walibaki mpaka saa kumi. Ni saa moja na nusu kwa wiki nzima, basi. Binti yangu alijiunga na mdahalo na mazingira. Huyu ni mtoto ambaye akiwa darasa la saba mgeni akimsalimia nyumbani anaitikia akiwa nyuma ya mlango. Mwezi wa nane mwaka jana nikamkuta jikoni ameacha ugali unashika chini, anahesabu hoja kwenye vidole: "Mheshimiwa mwenyekiti, hoja yangu ya kwanza..." Ugali uliungua na sikumgombeza.

Sasa hiyo klabu ya mazingira. Ilianza na viriba tupu, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Watoto walikwenda sokoni kuomba kokwa za parachichi kwa wauza juisi, wakachanganya udongo, samadi na mchanga, wakajaza viriba kimoja kimoja kwa mikono. Bwana shamba wa kata, Mungu ambariki, aliwafundisha kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri juu ya mche. Unachonga kikonyo mshazari pande mbili, unapasua kichwa cha mche, unachomeka, unafunga nailoni ibane maji yasipenye. Binti alirudi siku hiyo kidole kimekatwa na wembe, anataka kunifundisha na mimi usiku uleule kwa taa ya simu. Likizo ya Desemba walipangiana zamu za kumwagilia. Zamu yake ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Bomba la shule lilifungwa, kwa hiyo alitembea dakika arobaini na dumu la lita tano, anamwaga, anakwenda kuchota tena kwa jirani wa shule. Hakukosa hata siku moja. Yote yamo kwenye daftari lake, maana yeye ndiye katibu: parachichi za kubebesha 140, mikangazi (miti ya mbao) 172. Jumla 312. Wenyewe walikaa kikao wakaafikiana kwamba parachichi wauze shilingi 2,500 mche mmoja, hela iwe nauli ya wanamdahalo kwenda kushindana na shule nyingine na kununua viriba vingine. Mikangazi wapande kando ya mto unaopita nyuma ya shule, pale kingo zinapomomonyoka.

Januari mwaka huu ukaja uongozi mpya. Likatolewa tangazo mstarini kwamba kidato cha tatu na cha nne hakuna klabu tena, Jumatano ni masomo ya ziada, na kila mtoto aje na shilingi 500. Elimu bila ada imeanza Januari 2016 na bado mia tano mia tano za watoto zinatafutiwa mlango wa kupitia. Mimi nalipa, sitaki mwanangu asimamishwe mbele ya wenzake. Lakini sikuridhika na siridhiki.

Mwezi wa tatu wakaja wageni kutoka wilayani. Asubuhi hiyo wanaklabu walitolewa kwenye kipindi cha hisabati, wakaambiwa wachomekee vizuri, wakapangwa mistari miwili pembeni ya kitalu. Klabu ambayo haijakutana tangu Novemba! Mtoto mmoja wa kidato cha pili akapewa karatasi asome taarifa kwamba klabu inakutana kila wiki. Binti yangu alisimama pale akaisikia. Jioni aliniuliza: "Mama, kwa nini wamemfanya yule mdogo aseme uongo?" Sikuwa na la kumjibu.

Wiki iliyofuata ikaja pikapu. Watoto wanaona kupitia dirishani, miche yao inapakiwa. Hakuna risiti, hakuna aliyesaini, mwalimu mlezi wa klabu mwenyewe hakuambiwa. Parachichi 140 kwa bei waliyopanga ni shilingi 350,000, na hapo sijagusa mikangazi. Imekwenda kwa nani? Imeuzwa? Imegawiwa wageni? Mpaka leo hakuna anayejua. Kando ya mto hakuna hata mkangazi mmoja.

Binti alinyoosha mkono mstarini, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, tunaomba kujua miche ya klabu imepelekwa wapi." Akapewa siku mbili za kufyeka nyuma ya vyoo. Kosa: utovu wa nidhamu. Wakuu, shule imemfundisha mtoto kusimama na kujenga hoja, imempa na klabu ya wapinga rushwa, kisha akiuliza swali moja la mali waliyoitolea jasho anapewa panga la kufyekea.

Nilikwenda shuleni. Nilipokewa na mwalimu mmoja wa ofisi ya taaluma, akaniambia, "Mama, klabu haziulizwi kwenye mtihani wa taifa." Nikamwambia sipingi mtihani, namtaka mwanangu afaulu kuliko mtu yeyote pale ofisini. Ila mbona timu ya mpira ikijiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inatolewa madarasani na hakuna anayesema mtihani? Sina ugomvi na mpira. Nataka kujua kwa nini yule anayecheza anapewa muda na huyu anayebebesha parachichi ananyang'anywa. Tena tunaambiwa mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 inataka mtoto atoke na ujuzi mikononi. Ujuzi ndio huo, ulikuwa kwenye viriba, umepakiwa kwenye pikapu.

Na msiniambie hizi ni starehe za shule za matajiri. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na mle ndani alisisitiza wanafunzi washirikishwe kupanga kazi zao na waone faida ya jasho lao. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira ulioanzishwa na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ambao leo uko nchi nyingi duniani, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 waliokutana kibarazani kwake. Kumi na wawili! Shule yetu ilikuwa na watoto zaidi ya hao, wana kitalu, wana katibu, wana daftari.

Nilipotoka ofisini nilipita lile darasa la mdahalo. Ubaoni, juu kabisa kona ya kulia, bado kuna mada ya Novemba iliyoandikwa kwa mwandiko wa watoto, imezungushiwa mstari, chini yake: USIFUTE. Hakuna aliyefuta. Nadhani nao wanasubiri.

Ninachotaka ni hiki. Jumatano irudishwe, hata ikiwa saa moja tu. Uongozi ulete hesabu ya miche mbele ya watoto wenyewe, na hela kama ipo iingie kwenye klabu. Na binti yangu aombwe radhi palepale mstarini alipodhalilishwa.

Wenye uzoefu naomba msaada: nianzie bodi ya shule, kwa afisa elimu kata, au niende moja kwa moja kwa afisa elimu sekondari wilayani? Na kuna mzazi humu ambaye shule ya mwanawe imewahi kulazimishwa kutoa hesabu za klabu? Kikao cha wazazi ni Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi. Naenda na lile daftari, nitasoma ukurasa kwa ukurasa. Mrejesho nitauleta hapahapa.