Taa ya wati 100 kwenye betri: nifunge koneta gani?

kijana_wa_kigamboni
Wakuu, habari za kazi. Nina taa ya LED ya wati 100, mgongoni imeandikwa 12–17V. Kwenye harusi za ufukweni naiwashia betri ya V-mount (ile ya kamera za video) ya 14.4V, maana jenereta linaingia kwenye sauti. Betri inakaa chini ya stendi, waya wa mita 5 unapanda hadi kwenye taa. Tundu lake ni lile la duara kama la adapta. Betri ikijaa, hakuna shida. Ikifika nusu, taa inapepesa na plagi inakuwa ya moto. Fundi yuko tayari kubadilisha tundu: D-Tap (plagi ndogo ya betri za kamera), XLR ya pini 4 (ya duara, kama ya maiki) au Anderson (plagi ya umeme yenye ganda la plastiki)?

rubani_mtaani
Weka XT60, ile plagi ya betri za droni, mkuu. Inabeba ampea 30 mfululizo, hata 60 kwa muda mfupi, umemaliza.

mzee_wa_taa
XT60 kaibakize kwenye droni. Ikikaza, kuichomoa gizani juu ya ngazi ni ugomvi.

Mdogo wangu, anza na waya. Wati 100 gawanya kwa 14.4, karibu ampea 7. Kama waya ni wa 0.75 (unene, milimita za mraba), mita 5 kwenda na 5 kurudi zinakula volti 1.6 hivi. Betri ikishuka hadi 13, taa inapata 11 na kitu, nayo inataka 12. Lazima ipepese. Vuta waya wa 2.5, utapoteza nusu volti tu.

Hilo tundu la adapta litoe. Mengi ni ya ampea 5 kushuka chini, ndiyo maana linachemka. Tena plagi ya milimita 2.5 inaingia kwenye pini ya milimita 2.1 ikilegea, inagusa na kuachia.

Kwenye taa funga XLR ya pini 4: pini 1 hasi, pini 4 chanya. Inajifunga, na mtu wa kamera yeyote anaijua. Ya pini 3 usiiguse. Kijana wa sauti atachomeka waya wa maiki humo, utamlaumu nani? D-Tap iishie kwenye betri, na zile za bei poa pima kwa mita kwanza, nyingine ukilazimisha zinaingia kinyume. Fyuzi ya gari ya 10A iwe karibu na betri.

Anderson si mbaya, ila ganda ni moja kwa pini za ampea 15, 30 na 45. Ukiazima waya wa mtu hujui umeshika ipi.

kijana_wa_kigamboni
Shukrani, mzee wangu. XLR ya kwenye taa iwe dume au jike? Na waya wa spika wa 2.5 unafaa?

mzee_wa_taa
Dume kwenye taa, jike upande wa betri, pini zenye umeme zisikae wazi. Waya wa spika ukwangue kwanza. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenye duka.